Kiongozi Anayeulizika

Swali ambalo huulizwa vijiweni, majumbani na hata nje ya nyumba za ibada ni lile lile, ingawa maneno yake hubadilika: kwa nini mtu aliyejulikana kwa upole na uaminifu hugeuka mara tu anapokabidhiwa cheo? Aliyekuwa jirani mwema huchaguliwa kuwa mwenyekiti wa mtaa, au katibu wa ushirika wa mazao, au mweka hazina wa kamati ya ujenzi wa msikiti au kanisa, na baada ya mwaka mmoja au miwili watu wale wale waliompigia kura huanza kunong'onezana kwamba amelewa madaraka. Wapo wanaosema kwamba cheo humharibu mtu, na wapo wanaosema kwamba mtu huyo alikuwa mnafiki tangu mwanzo na cheo kimemvua nguo. Majibu hayo mawili hupendwa kwa sababu humaliza mjadala upesi, lakini hayamsaidii anayetaka kuongoza vizuri, kwani la kwanza humwambia kwamba hana la kufanya, na la pili humwambia angoje aone yeye ni mtu wa namna gani.

Sura hii inashika jibu la tatu. Mara nyingi mtu huyo hakubadilika hata kidogo, ila waliomzunguka ndio waliobadilika. Kabla ya cheo alikuwa akiishi katikati ya maswali: nyumbani aliulizwa fedha ya ada imekwenda wapi, kazini aliulizwa kwa nini amechelewa, na rafiki zake walimwambia bila kumung'unya maneno kwamba hapa umekosea. Baada ya cheo, maswali hayo hupungua moja baada ya jingine, mengine kwa heshima, mengine kwa woga, na mengine kwa sababu aliyekuwa akiuliza sasa ana shida anayotaka itatuliwe. Uadilifu wake, ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa ukishikiliwa na maswali ya wenzake, hubaki bila nguzo. Kwa mtazamo huu, kiongozi mwema ni yule aliyejizoesha mapema kuyarudisha maswali hayo kwa hiari yake. Hali hiyo itaitwa hapa kuulizika, yaani mtu kujiweka mahali ambapo mwenzake, hata aliye chini yake, anaweza kumwuliza jambo, akapewa jibu linaloweza kuhakikiwa, na asidhurike kwa kuuliza.

Mazoea hayaji kwa kiapo

Mazoea, kwa maana inayotumika hapa, ni jambo ambalo mtu hulitenda bila kujishauri kila mara, kama vile kunawa kabla ya kula au kufunga mlango anapotoka. Umuhimu wake katika uongozi ni kwamba mtu aliyechoka, aliyekasirika au aliyebanwa na shida hana nafasi ya kuanza kutafakari maadili, hufanya alichozoea. Kiapo cha siku ya kukabidhiwa madaraka kina uzito wake, kwa sababu huwafanya watu wengi kuwa mashahidi, lakini huapwa mara moja mbele ya umati, ilhali vishawishi huja siku za kawaida, jioni, ofisini kukiwa hakuna mtu.

Semina nyingi za kujiendeleza hufundisha kwamba tabia mpya hujengeka ndani ya siku 21. Hesabu hiyo inatokana na daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1960 alieleza kwamba wagonjwa wake walihitaji siku zisizopungua 21 hivi kuzoea sura zao mpya baada ya upasuaji. Kadiri habari hiyo ilivyosambaa, kiwango cha chini kikageuzwa kuwa ahadi kwa kila mtu na kwa kila tabia. Watafiti wa University College London walipowafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoeza jambo dogo la kila siku, kwa mfano kula tunda pamoja na chakula cha mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni, waliona kwamba wastani wa muda uliohitajika ulikuwa siku 66, na kwamba tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi kadirio la siku 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukubomoa tabia iliyokuwa ikijengwa, habari ambayo inapaswa kumtia moyo kila aliyewahi kuacha jambo jema kwa sababu tu aliteleza mara moja.

Matokeo hayo yana maana mbili kwa anayejiandaa kuongoza. Kwanza, anayengoja achaguliwe ndipo aanze kujizoesha ukweli, utunzaji wa muda na uandishi wa kumbukumbu amekwisha kuchelewa, kwa kuwa miezi miwili au mitatu ya mwanzo ndiyo ambayo watu humpima, na katika miezi hiyo atakuwa bado anajikongoja. Pili, washiriki hao waliliambatanisha jambo walilojizoeza na tukio ambalo tayari lilikuwapo katika siku yao. Mwalimu mkuu anayesema kwamba atakuwa karibu zaidi na wanafunzi amejiwekea nia isiyo na saa wala mahali, na nia ya namna hiyo hufa kimya kimya; yule anayeamua kwamba kila asubuhi, kabla ya kufungua ofisi yake, atapita mlangoni mwa kila darasa, amelifunga jambo lake kwenye tukio ambalo haliwezi kukosa kutokea. Vivyo hivyo mwenyekiti wa mtaa anayeandika katika daftari jina, tarehe na sababu kila anapogonga muhuri kwenye barua ya utambulisho hahitaji kukumbuka kutunza kumbukumbu, kwa sababu muhuri wenyewe humkumbusha.

Mbele ya sanduku lenye kufuli tatu

Mahali ambapo mazoea ya kuulizika yanaonekana waziwazi kuliko pengi ni katika vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo Watanzania wengi huviita VICOBA na ambavyo ni ndugu wa vyama vya Kenya na wa upatu wa siku nyingi. Upatu ni mchezo wa zamu, ambapo kila mtu huchanga na mmoja huondoka na chungu chote, kwa hiyo fedha hailali. Kikundi cha kuweka na kukopa hutunza akiba, hukopesha wanachama kwa riba ndogo, na mwisho wa mzunguko, ambao kwa kawaida ni mwaka mmoja, huvunja na kugawana kila kilichomo kwa kadiri ya hisa za kila mmoja. Mfumo huo ulianzia Niger mwaka 1991, ambako shirika la CARE liliwasaidia wanawake wa vijijini, wengi wao wasiojua kusoma, kuweka akiba kwa pamoja. Ulifika Tanzania miaka kadhaa baadaye na kuenea kwa kasi kiasi kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi hivi na kuviweka katika daraja la nne, chini ya usajili unaofanyika kupitia halmashauri.

Kikao chake kinastahili kutazamwa kwa makini. Wanachama, ambao kwa kawaida ni kati ya 15 na 30, huketi kwa mpangilio wa namba zao, kwani kila mmoja ana namba. Sanduku la chuma huwekwa katikati, na kufuli zake tatu hufunguliwa na washika funguo watatu ambao hawamo katika uongozi, ili mwenye kulala na sanduku asiwe na ufunguo na mwenye ufunguo asilale na sanduku. Kabla fedha haijaguswa, wanachama huulizwa salio lililotangazwa mwisho wa kikao kilichopita, nao hulitaja kwa pamoja, maana walitakiwa kulikariri kabla ya kutawanyika. Wahesabu fedha wawili humimina noti na sarafu katika beseni na kuzihesabu kwa sauti. Hesabu ikikubaliana na kumbukumbu za wanachama, kikao huendelea. Namba moja huitwa, husogea, hukabidhi fedha ya hisa zake, wahesabu hutaja kiasi, na katibu hugonga mihuri katika kijitabu chake, muhuri mmoja kwa kila hisa, mbele ya macho ya wote. Kisha huitwa namba mbili, na hivyo hivyo hadi wa mwisho. Hisa zikiisha hufuata marejesho ya mikopo, mfuko wa jamii unaosaidia kwenye msiba na ugonjwa, na faini.

Jambo la kuzingatia katika utaratibu huo ni kwamba haumhitaji mweka hazina awe malaika, wala haumchukulii kuwa mwizi. Unamzoesha kuhesabiwa, wiki baada ya wiki, mpaka kuhesabiwa kusiwe na uchungu wowote. Mtu aliyepita katika vikao 40 au 50 vya namna hiyo, akasikia hesabu yake ikirudiwa kwa sauti na mara nyingine ikikosolewa na mwanachama asiyejua kusoma lakini anayekumbuka salio, huondoka na moyo tofauti kabisa na wa mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Akichaguliwa kesho kuwa diwani, swali la mwandishi wa habari au la mkaguzi halitamgusa kama tusi.

Faini nayo hufundisha zaidi ya kiasi chake. Mwenyekiti aliyechelewa dakika kumi, akaingia, akasalimia, akatoa faini na kuitia bakulini kabla ya kuketi, amewaeleza wanachama kwamba katiba ya kikundi ni kubwa kuliko yeye, na ameeleza hivyo kwa namna ambayo hotuba ya nusu saa isingeweza. Mwenyekiti anayechelewa na kuanza kueleza foleni ya barabarani amefungua mlango ambao wiki ijayo watapitia watatu.

Hatari ya vikundi hivi huja pale mambo yanapokwenda vizuri. Mshika ufunguo mmoja anasafiri na kumwachia mweka hazina ufunguo wake. Kikao kinachelewa kuanza, kwa hiyo salio halihesabiwi bali husomwa tu kutoka daftarini. Watu wamezoeana, na kuhesabu mara ya pili kunaonekana kupoteza muda. Hakuna aliyekusudia ubaya katika hatua yoyote kati ya hizo. Lakini kikundi kikifika hapo, kimemwondolea kiongozi wake kinga yake mwenyewe, na siku mtoto wake atakapolazwa hospitalini usiku, atakuwa peke yake na sanduku linalofunguka.

Kuaminiana na kuandikiana

Mojawapo ya mitazamo inayowaangusha viongozi wazuri ni ile inayoona kwamba kudai maandishi ni dalili ya kutoaminiana. Maneno "kwani huniamini?" yamekwisha kufunga midomo ya wengi, hasa kati ya ndugu, majirani na waumini wa dhehebu moja. Dini zenyewe zinazofuatwa na wengi wa watu hao hazikuona hivyo. Katika Kurani, aya iliyo ndefu kuliko zote, ambayo ni ya 282 katika sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na inawaelekeza waumini wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Katika Biblia, Mtume Paulo alipokuwa akikusanya msaada kwa ajili ya waumini wa Yerusalemu, aliwaeleza Wakorintho, katika sura ya nane ya waraka wake wa pili kwao, kwamba ndugu aliyechaguliwa na makanisa angefuatana nao, ili mtu yeyote asipate la kulaumu kuhusu fedha hizo. Ikiwa mtume alitaka shahidi wa fedha alizobeba, mweka hazina wa kwaya hana sababu ya kununa akiombwa risiti. Wahenga nao walilimaliza jambo hili walipoonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kamati za harusi na za misiba huonyesha vizuri jinsi mambo yanavyoharibika bila mtu kukusudia. Siku hizi michango mingi hutumwa kwa simu, na mara nyingi hutumwa kwenye namba ya mweka hazina mwenyewe, ile ile anayotumia kununulia umeme na kuwatumia wazazi fedha kijijini. Mchango wa laki moja unaingia juu ya elfu kumi na mbili alizokuwa nazo, yeye ananunua umeme wa elfu ishirini akiwa na nia thabiti ya kurudisha mwisho wa wiki, mchango mwingine unaingia, makato ya kutuma na kutoa yanakula kidogo hapa na kidogo pale, na siku ya kumlipa mpishi salio halifanani na orodha. Huyu hakuiba kwa maana ambayo watu huielewa. Aliazima bila kuomba, na hakuwa na njia ya kujua ni kiasi gani ameazima, kwa sababu fedha zake na za kamati zilikuwa zikilala kitanda kimoja. Laini ya pili ya simu, isiyotumika kwa jambo jingine lolote, ingemwokoa kwa gharama ndogo sana, na orodha inayotumwa kila jioni kwenye kundi la WhatsApp la kamati ingewawezesha wachangaji kusahihisha jina au kiasi kabla makosa hayajarundikana.

Kwa kiongozi wa kikundi, kamati au ofisi ndogo, daftari lenye mambo manne linatosha kwa kuanzia:

1. Kilichopokelewa, kutoka kwa nani na tarehe gani.
2. Kilichotolewa, kwa kazi gani na nani aliidhinisha.
3. Kilichoahidiwa na kiongozi mwenyewe kikaoni, pamoja na siku aliyosema atakitimiza.
4. Swali lililoulizwa likakosa jibu siku ile.

Mambo mawili ya kwanza hufahamika na wengi. La tatu na la nne husahauliwa, nayo ndiyo yanayomtofautisha mtunza fedha mzuri na kiongozi, kwa sababu watu husamehe upungufu wa fedha wenye maelezo upesi zaidi kuliko wanavyosamehe ahadi ambayo aliyeitoa haikumbuki tena.

Masharti yanayohesabika

Historia ya Tanzania ina mfano mkubwa wa jaribio la kuufanya uadilifu wa viongozi uwe jambo la kuhesabika. Mwezi Oktoba 1966, wanafunzi wa elimu ya juu waliandamana jijini Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na katika malalamiko yao waligusia mishahara minono ya wakubwa. Mwalimu Julius Nyerere aliwafukuza mamia kati yao, uamuzi ambao unaweza kujadiliwa, lakini hakulipuuza lalamiko lenyewe: alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likaweka masharti ya uongozi, ambayo yalimkataza kiongozi wa chama cha TANU au wa Serikali kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha.

Msomaji anaweza kuyakubali au kuyakataa masharti hayo kwa misingi ya uchumi, na kwa hakika yalilegezwa kwa uamuzi uliofanywa Zanzibar mwaka 1991. Jambo linalohusu sura hii ni umbo lake. Hayakumwambia kiongozi awe mwema, asiwe na tamaa, awapende wananchi, kwa maana hayo hakuna anayeweza kuyahakiki. Yalitaja nyumba, hisa na mishahara, vitu ambavyo jirani yeyote anaweza kuviona na karani yeyote anaweza kuviandika. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, inayowataka viongozi kutoa tamko la mali na madeni yao kila mwaka, ilifuata umbo hilo hilo kwa njia laini zaidi.

Hata hivyo, haki inadai upungufu wa enzi ile usemwe wazi. TANU ilikuwa imefanywa kuwa chama pekee cha kisiasa Tanzania Bara mwaka 1965, na sheria ya kuweka watu kizuizini ilikuwapo tangu 1962, kwa hiyo mali ya kiongozi ilihesabika lakini maamuzi yake yalikuwa magumu kuhojiwa. Kuulizika kuna sehemu mbili, na nchi ile ilijenga moja kwa bidii ya kupigiwa mfano huku ikiiacha nyingine ikisinyaa. Mtu binafsi naye anaweza kuanguka katika mtego huo huo: wapo wakurugenzi wa mashirika na wazee wa kanisa ambao vitabu vyao vya fedha ni safi kabisa, lakini hakuna anayethubutu kuwaambia kwamba mradi walioupenda umeshindwa.

Kwa ufupi, mpaka hapa yameelezwa mambo matatu: kwamba uadilifu wa watu wengi hushikiliwa na maswali ya wenzao, kwamba cheo huyaondoa maswali hayo, na kwamba mazoea ya kuhesabiwa na kuandika huyarudisha kwa upande wa mali. Upande wa maamuzi ni mgumu zaidi, na unahitaji kutazamwa peke yake.

Kumsikia aliyenyamaza

Katika jamii ambazo kijana humwamkia mkubwa kabla ya kusema jambo lolote, heshima ni mali ya thamani, na hakuna sababu ya kuitupa ili kujenga uongozi. Lakini ni lazima ikubalike kwamba heshima hiyo huwa nzito pale kijana mwenye cheti cha uhasibu anapoona kosa katika hesabu za mwenyekiti anayelingana na baba yake. Akisema, ataonekana hana adabu. Akinyamaza, kikundi kitapata hasara. Kumtaka kijana awe jasiri ni kumtwisha mzigo ambao hana nguvu ya kuubeba. Mwenye uwezo wa kuupunguza ni mwenyekiti, na njia zake ni za kawaida kabisa.

Ya kwanza ni kusema mwisho. Kiongozi akitoa maoni yake mwanzoni mwa kikao, wengi hawatasema walichofikiri bali watatafuta maneno mapya ya kukubaliana naye. Ya pili ni kuuliza swali linalojibika. Kauli ya "kuna mwenye swali?" huwa ni ishara ya kufunga kikao, na watu huanza kutafuta viatu vyao; lakini mwenyekiti akigeuka na kusema, "Binti, wewe umesomea hesabu, tuonyeshe sehemu moja ya taarifa hii ambayo ungeiandika tofauti," amempa ruhusa mbele ya wote, na kusema sasa kumekuwa ni kutii.

Ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi, nayo ni jinsi swali la kwanza linavyopokelewa. Mwanachama mmoja anasimama na kuuliza, "Mwenyekiti, ile elfu hamsini ya maturubai ya msiba ilirudi?" Mwenyekiti mmoja hujibu, "Mama, unataka kusema nimeila?" na watu hucheka, mama huketi, na kuanzia siku hiyo kikundi hakitakuwa tena na maswali. Mwingine hujibu, "Bado. Ilitoka tarehe 3, risiti anayo katibu, ilibaki elfu kumi na mbili na nitaileta Jumamosi." Majibu yote mawili huchukua sekunde chache, na yawezekana fedha ni salama kwa wote wawili. Tofauti ni kwamba wa pili atapata habari ya kosa linalofuata likiwa bado dogo, wakati wa kwanza atalisikia siku ambayo limefika polisi.

Anayetaka kujipima katika jambo hili anaweza kujiuliza ni lini kwa mara ya mwisho mtu aliye chini yake alimwambia kwamba amekosea. Ikiwa miezi imepita, ni busara zaidi kudhani kwamba watu wamenyamaza kuliko kudhani kwamba makosa yamekwisha.

Mche uliopandwa na mche uliopona

Viongozi wengi hupenda kuhesabu walichoanzisha: visima vilivyochimbwa, semina zilizofanyika, miti iliyopandwa mbele ya kamera. Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani nchini Kenya mwaka 1977, kwa kuanza na miche saba tu iliyopandwa katika viwanja vya Kamukunji jijini Nairobi siku ya mazingira duniani, yeye na wenzake walijenga utaratibu uliohesabu jambo jingine. Wanawake wa vijijini waliootesha miche katika vitalu vyao walilipwa kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche uliokuwa umeota na kushika, baada ya ufuatiliaji wa kule ulikopandwa. Kwa utaratibu huo, mama aliyeotesha miche alikuwa na sababu ya kurudi kwa jirani yake kuuliza kama mbuzi wameingia shambani, kama maji yanatosha, kama mche umepata kivuli. Mwaka 2004, Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, miti iliyopandwa kupitia vuguvugu hilo ilikuwa imezidi milioni 30.

Kujizoesha kuhesabu kilichopona ni kazi isiyo na shangwe, maana humlazimisha kiongozi kurudi mahali ambapo sherehe ilikwisha. Mwenyekiti wa kijiji aliyezindua kisima anapaswa kukirudia baada ya miezi sita, akavute pampu kwa mkono wake, akaulize ufunguo wa mlango anao nani na spea hununuliwa kwa fedha gani. Mzazi naye, ambaye ni kiongozi wa kwanza anayejulikana na kila mtu, hufanya hivyo anapoacha kuuliza mtoto amefika darasa la ngapi, na badala yake akampa gazeti amsomee.

Siku ya makabidhiano

Mtihani wa mwisho wa kuulizika ni kuondoka, kwa sababu anayeondoka humwachia mwingine vitabu vyake avisome akiwa hayupo. Nyerere alikwisha kuachia uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa ili yeye akakijenge chama; na mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari yake, akampokeza Ali Hassan Mwinyi, wakati ambapo marais wengi wa Afrika waliondoka kwa mapinduzi au kwa kifo. Alibaki kuwa mwenyekiti wa chama tawala, CCM, hadi 1990, na wapo wanaoona kwamba miaka hiyo mitano ilimbana mrithi wake. Mtu anaweza kuheshimu hatua ya 1985 na bado akakubali hoja hiyo, kwani kuondoka nusu ni jaribu linalowapata hata walio bora.

Katika vikundi vidogo kosa hilo huchukua sura ya kawaida zaidi. Katibu wa zamani hubaki na daftari nyumbani kwa sababu "mambo mengine yamo kichwani mwangu", namba ya simu inayopokea michango huendelea kuwa yake, na muhuri hukaa kabatini mwake mpaka aombwe. Makabidhiano yaliyo kamili hufanyika kikaoni, mbele ya wanachama, na huanza na kuhesabu fedha kabla ya hotuba za shukrani, kwa maana baada ya hotuba hakuna mwenye uso wa kuhesabu. Anayeingia husoma orodha ya mali kitu kwa kitu, akiwa amekishika: sanduku, funguo na majina ya wanaozishika, vitabu, muhuri, kadi ya benki, laini ya simu. Akikuta tofauti, hata ya shilingi elfu moja, huiandika pembeni ya mstari husika kabla ya kutia saini, na anayeondoka hutia saini yake chini ya maandishi hayo. Kwa vikao viwili vya mwanzo, kiongozi aliyeondoka huketi kwenye benchi pamoja na wanachama wengine, kwa mpangilio wa namba, na kiongozi mpya akikwama huinuka na kujibu anapoulizwa.